Sikusikia, Siandiki

Jumapili ya kwanza nilizima maiki. Sitaki kuzunguka mbuyu. Katibu wa kanisa alisimama pale chini ya ngazi za madhabahu, akafungua kitabu chake cha jalada jekundu, akasema, "Wapendwa, lipo tangazo la ndoa," na mimi huku juu roshani, mbele ya mikseri, nikashusha kitufe namba nne taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto shuka.

Watu mia nne wakamwona mzee akichezesha midomo. Yeye mwenyewe hakujua. Sikio lake la kushoto lilishakufa zamani, na la kulia lina kile kifaa cha kusaidia kusikia, ila akisoma hukivua na kukitia mfukoni kwa sababu humpigia mluzi. Akasoma mpaka nukta ya mwisho, akafunga kitabu, akakaa. Nikapandisha kitufe. Kwaya ikainuka kuimba. Safi kabisa.

Majina aliyoyasoma yalikuwa mawili. La kwanza la fundi bomba, jitu refu, pole, mabega kama kabati, anayenuka gundi ya mabomba hata akiwa na tai. La pili la nesi wa zahanati. Huyo nesi kwa miaka minne alikuwa wangu. Akaniacha, na sasa, baada ya mwaka na miezi miwili, alikuwa amekaa benchi la tatu kutoka mbele, ubavuni mwa lile kabati.

Wakati kwaya inaimba aligeuka akatazama juu. Nikampungia mkono.

Sasa, kwetu tangazo la ndoa si mchezo. Lazima lisomwe Jumapili tatu mfululizo, ili mwenye pingamizi aseme mapema. Miaka ya nyuma spika za nyuma zilikuwa zimekufa, na kuna mama alikuwa akikaa huko nyuma kila Jumapili bila kusikia kitu. Siku ya harusi ya watu ndipo akagundua bwana harusi ni mumewe. Walipomaliza kuokota viti, baraza la wazee likaweka sheria: mzee wa mlango wa nyuma atie sahihi kitabuni kwamba tangazo amelisikia. Tangazo husomwa mara moja tu kwa ibada; asiposikia, hesabu inaanza upya.

Na mzee wa mlango wa nyuma ni Shangazi. Si shangazi yangu, Mungu aliniepusha. Ni dada wa baba yake Nesi.

Baada ya ibada nilishuka nikajifanya nakunja waya karibu na ofisi, nisikie. Wazee walikuwa wanambembeleza.

"Shangazi, si ulimwona anasoma?"

"Nilimwona. Kitabu kinauliza kama nimemsikia."

"Lakini sote tunajua alisoma nini. Ni mtoto wa kaka yako huyu!"

"Ndiyo maana," akasema. "Nikiandika uongo kwa wa kwangu, wa wenzenu nitaandika nini? Sikusikia, siandiki."

Nilitoka nje nikacheka mpaka nikashika ukuta. Nani angetegemea? Nilikuwa nataka kumkera tu, kumbe nimeshika usukani wa harusi nzima.

Jumapili ya pili sikuzima. Kuzima mara mbili ni ujinga. Niliipandisha maiki ya Katibu kupita kiasi, na mara tu alipofika kwenye "kati ya ndugu," spika zikapiga ukelele ambao ulitoa watoto mapajani mwa mama zao. Watu wakaziba masikio. Katibu, kifaa chake kikiwa mfukoni, akaendelea kusoma kwa utulivu kama mtu aliye peke yake shambani. Nikajifanya nahangaika na vitufe, jasho la kuigiza likinitoka. Ukelele ulipokatika alikuwa ameshakaa, na kwaya imeshasimama.

Safari hii Shangazi hakungoja ofisi. Nilimsikia akipanda ngazi za roshani, ishirini na mbili, na nyonga yake ile mbovu, anapumua kila ngazi kama anaihesabia dhambi.

"Wewe kiroboto."

"Shikamoo, Shangazi."

"Shikamoo yako kaa nayo. Kile kilikuwa nini?"

"Mluzi, Shangazi. Maiki ikielekeana na spika, sauti inarudi..."

"Katibu amesimama pale pale miaka kumi na moja. Leo spika zimeota miguu?"

"Hali ya hewa nayo inachangia."

"Fyuzi." Hilo ndilo jina langu mtaani, maana nikiwepo lazima kitu kiungue. "Nikutoe hapa leo hii hii?"

Nikasimama, nikampisha kiti, nikamwonyesha mikseri kwa mkono kama mhudumu wa hoteli. Akatazama. Nyuma ya mashine zile kuna waya arubaini na tatu, zote nyeusi, nimezifunga zote kwa utepe mweusi, hakuna namba, hakuna alama, hakuna karatasi. Nilifanya makusudi. Mwaka juzi baraza liliniweka kando wiki moja kwa sababu ya utani fulani, na katikati ya ibada spika za upande wa akina mama zikatangaza mpira dakika tisa nzima. Wakanirudisha wenyewe.

"Umeifanya nyumba ya Mungu mateka," akasema.

"Naitunza tu."

Akakaa kwenye kile kiti nilichompisha. Hakuwa anapiga kelele tena, na hilo lilinikera zaidi.

"Sikiliza. Huyu bwana amepata kazi nje, miaka miwili. Tiketi yao ni Jumatatu baada ya harusi. Akiwa na cheti cha ndoa anaondoka na mke. Asipokuwa nacho anaondoka peke yake. Kabla ya harusi zimebaki Jumapili tatu tu. Tatu kamili. Ukiharibu ijayo, basi tena, hesabu haitoshi."

"Ataenda, atarudi. Kama wanapendana kuna haraka gani?"

"Ndicho unachotaka?"

Nikakunja waya ambayo haikuhitaji kukunjwa. Ndicho nilichotaka. Nilitaka akae miaka miwili pale pale nilipo mimi, kwenye benchi la tatu, nimtazame kisogo.

"Naweza kuwaambia wazee wasome bila maiki," akasema.

"Na wewe huko mlangoni, feni zote zile, utasikia?"

Akafikiri. Yule mama, hata kudanganya kidogo kwa faida yake hajui. "Sitasikia," akasema, akashuka ngazi zake ishirini na mbili.

*

Jumatano Nesi alikuja karakana. Siku za kazi natengeneza redio na vikuza sauti. Karakana ni chumba kimoja, meza, pasi ya kulehemu, na nyuma kuna kitanda changu na sinki lenye bomba linalodondoka. Hakuja peke yake. Kabati lilikuwa nyuma yake limeinamia mlango ili liingie.

Akaweka katoni juu ya meza, juu kabisa ya redio ya mteja.

"Vitu vyako."

"Karibu. Hata hodi?"

"Jeketi. Chaja mbili. Kitabu cha saketi. Ile bakuli yako ya plastiki isiyo na mfuniko."

"Mfuniko uko wapi?"

"Uliutupa kwa paka wa jirani ukasema ni kisahani kinachoruka."

Fundi Bomba akakohoa. Sijui alikuwa anazuia kicheko au vumbi.

"Huyu naye," nikasema, "umemleta kunipiga?"

"Nimemleta kwa sababu sikutaka kuwa peke yangu na wewe chumba kimoja hata dakika moja."

"Habari, kaka," Fundi Bomba akasema.

"Sina ukaka na wewe."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa bei na kuiona ya haki. Kisha akapiga hatua mpaka kwenye sinki langu, akasimama analitazama bomba. Tone. Tone. Tone. Akatoa spana mfukoni. Naapa, alikuwa ametembea na spana.

"Usiguse bomba langu!"

"Washa yake, kile kipira cha ndani, imekwisha tu," akasema, akaanza kufungua.

Nesi hakumtazama hata. "Unazima maiki."

"Hitilafu."

"Fyuzi, nilikaa na wewe miaka minne. Najua ukidanganya nyusi ya kushoto inapanda. Imepanda."

Nikaishusha kwa kidole. Hakucheka. Zamani angecheka, na hiyo ndiyo ilikuwa shida yangu na yeye: nilishindwa kuelewa ni siku gani hasa aliacha kucheka. Kwa kweli siku naijua. Nilikuwa najifanya siijui.

Mara mbili aliniomba niende kwao kujitambulisha, mara mbili nikapiga chenga. Mara ya tatu nikakubali. Wakapika, wakapanga viti, wakaita majirani. Mimi na baba zangu wadogo wawili tulikuwa kona ya mtaa, tumeshafika, tumevaa vizuri, nikaona ngoja niwachangamshe. Nikampigia mama yake kwa simu yangu, nimekaza koo: "Mwenye namba hii unamfahamu? Amegongwa na lori. Hapana, hajafika hospitali. Njooni na shuka." Nikakata. Dakika tano baadaye nikaingia uani nikicheka na mikono juu, "Mshangao!" Mama yake alikuwa chini kwenye saruji, presha imempanda, povu mdomoni.

"Mama alilazwa siku sita," Nesi akasema, maana aliona nimefika huko kichwani. "Hajashika simu mpaka leo. Ikilia anampa mtu."

"Niliomba msamaha."

"Uliomba unacheka."

"Mimi nikiogopa nacheka! Ungenijua ungelijua hilo."

"Nalijua. Mama yangu ndiye hakulijua, na wewe hukumweleza. Ulienda kuwahadithia wenzako pale kijiweni kwa muuza maji baridi, wakacheka wote."

Nyuma yangu bomba likalia kwikwi likanyamaza.

"Sasa umekuja nini?" nikasema. "Nikuombe radhi tena? Sikuombi. Umenikuta kazini, umeniwekea bakuli juu ya redio ya mtu, na jitu lako linanifungulia bomba bila ruhusa. Toka."

"Nimekuja kukwambia nimekusamehe."

"Sijakuomba!"

"Ndiyo maana imechukua muda mrefu." Alikuwa amekunja mikono, uso mkavu, kama anamsomea mgonjwa mkaidi masharti ya dawa. "Usidhani ni kwa sababu nakupenda. Nilikuwa sipati usingizi. Nilikuwa nachoma watu sindano huku nimeng'ata meno. Nikaenda kwa Mchungaji, nikamwambia niombee nimsahau huyu mtu. Akasema hapana, kusahau si kazi yako. Mtaje tu mbele za Mungu kila siku. Nikamwambia siwezi kumwombea mema. Akasema taja jina, mengine atajaza mwenyewe."

"Sasa mimi nimekuwa mradi wa kanisa."

"Kila asubuhi, kabla ya mswaki, nakutaja. Mwezi wa kwanza nilikuwa naomba uumwe jino."

Nikashika shavu. "Niliumwa kweli!"

"Najua. Nilishukuru kwa wimbo."

Fundi Bomba safari hii alicheka waziwazi, akajifuta mikono kwenye suruali.

"Baadaye nikachoka kuomba jino," Nesi akaendelea. "Nikaanza kuomba upate akili. Halafu upate kazi. Halafu siku moja nikaona nimekutaja na sikuhisi kitu, kama nataja mteja wa jana. Nikajua ile hasira imetoka. Sikuitoa mimi. Ningekuwa mimi ningekuwa nayo mpaka kaburini, unanijua."

"Hongera. Lete keki."

"Siku ya harusi ndiyo mwisho. Siwezi kuingia kwenye nyumba yake na jina lako mdomoni kila nikiamka. Nitakukabidhi, basi. Kuanzia hapo utajitegemea."

Sijui kwa nini hilo ndilo lililonichoma. Kunichukia nilikuwa nimezoea. Chuki ni aina ya mazungumzo. Lakini kuambiwa kwamba mtu amenibeba mwaka mzima bila mimi kujua, na sasa ananitua chini, asante, kwaheri! Nikachukua ile bakuli nikairusha nje. Ikagonga kizingiti, ikazunguka, ikatulia.

"Utaona Jumapili," nikasema.

Alinitazama kidogo. "Na wewe utaona," akasema, wala si kwa vitisho. Wakatoka. Fundi Bomba aliinama mlangoni, akaiokota bakuli, akairudisha juu ya katoni.

*

Ijumaa nikaenda kanisani kupima betri.

Maiki ya Katibu haina waya, inatumia betri mbili. Nilikuwa na boksi la betri nusu mfu, nikazipima jozi moja moja kwa mita, mpaka nikapata jozi ambayo kwa hesabu yangu ingekata roho baada ya dakika hamsini na kitu. Mchungaji wetu anahudumia makanisa matatu, kwa hiyo Jumapili nyingi Katibu ndiye anaongoza ibada, na anaongoza kama treni: salamu, zaburi, nyimbo mbili, sala ya kimya, halafu matangazo. Matangazo huanguka dakika ya hamsini na tano. Uzuri wa betri ni kwamba hakuna wa kumlaumu. Betri ni betri. Haina kinyongo na mtu.

Nikaziweka, nikafunga kifuniko, nikalala vizuri.

Jumapili kanisa lilijaa kuliko kawaida, maana habari zilishaenea. Wengine walikuja kama watu wanaokuja kutazama ndondi. Shangazi hakukaa. Alisimama mlangoni nyuma, mkoba kifuani, macho juu kwangu, hakupepesa. Nami nikamkodolea. Nesi benchi la tatu. Kabati ubavuni.

Lazima niseme jambo lingine ambalo sijawahi kumwambia mtu. Maiki ya kwaya iko karibu sana na benchi la tatu. Mikseri yangu inaniruhusu kufungua maiki yoyote isikike kwenye hedifoni zangu tu, bila kwenda kwenye spika. Tangu aniache, kila Jumapili wakati wa sala nilikuwa nafungua ile maiki. Nilikuwa nasikiliza akipumua, akikohoa, akiimba sauti ya pili. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nasali mimi. Kanisani nilikuwa nakuja kwa ajili ya mashine na kikohozi cha mtu.

Katibu akasema tuiname, kila mtu na Mungu wake. Kanisa likazama. Nikavaa hedifoni, nikafungua maiki ya kwaya.

Kwanza ilikuwa feni. Halafu mama mmoja akiomba juu ya mwanawe. Halafu yeye, chini chini, ile sauti ya kuchoka aliyokuwa akinijia nayo baada ya zamu. Akamwombea mama yake. Akamwombea Fundi Bomba, kidogo tu, kama mtu anayetia chumvi. Akanyamaza. Nikadhani amemaliza.

"Na yule wa juu pia, Bwana," akasema. "Unamjua. Leo ataharibu tena. Usimwadhibu, hajui afanye nini na nafsi yake. Mimi nimemchoka. Mchukue wewe."

Akapiga chafya. "Amina."

Nilikaa pale na zile hedifoni kichwani. Pale karakana nilikuwa nimejiambia ananitambia, ananipaka utakatifu usoni ili nione mdogo. Lakini pale hakuwa anaongea na mimi. Hakujua nasikia. Hakuna mtu anayetamba akiwa ameinama anaongea na sakafu. Na aliyasema bila upendo wowote, hilo ndilo nililoshindwa kulipitia pembeni; aliyasema kama mtu anayesukuma gogo zito mlangoni na kumwambia mwenye nguvu, shika upande ule.

Mchukue wewe. Mimi! Kama mzigo uliokosa mwenyewe.

Nikatazama saa. Dakika ya hamsini na tatu. Nikatia mkono mfukoni, betri mpya zipo, huwa natembea nazo. Nikavua hedifoni nikasimama. Na Katibu akasimama, akavua kifaa sikioni, akafungua kitabu chekundu.

"Wapendwa, lipo tangazo la..."

Taa ya kijani kwenye maiki ikawa nyekundu. Ikazimika.

Midomo ya mzee ikaendelea. Mguno ukapita kanisani kama upepo kwenye mabati. Nesi safari hii hakugeuka. Alishusha kichwa tu, akaweka kiganja juu ya goti la mwenzake. Fundi Bomba ndiye aliyegeuka, akaniangalia vile alivyoliangalia bomba langu, bila hasira, anatafuta maji yanapotokea. Nyuma Shangazi alishaanza kutembea kuelekea mbele, nyonga ile, mkoba ule, na njia ni ndefu, na ukurasa wa Katibu ni mfupi.

Ngazi ishirini na mbili. Nisingewahi mimi wala yeye.

Nikashika ukingo wa roshani. Mimi sauti sina. Kwaya ya watoto ilinikataa. Lakini lile tangazo nilikuwa nalijua neno kwa neno, nilishalisoma kitabuni mara kumi nikilitafutia pa kulikata.

"LIPO TANGAZO LA NDOA!" nikapiga kelele.

Mia nne wakainua vichwa. Shangazi akasimama alipokuwa, katikati ya njia.

Nikataja jina la Fundi Bomba, kamili, la ubatizo na la baba yake. Nikataja jina la Nesi. Nilikuwa sijalitaja kwa sauti mwaka na miezi miwili. Likakwama kidogo kooni, nikalisukuma, likatoka limepasuka. Nikataja baba yake. Nikataja tarehe. Nikapiga kelele mpaka feni zikawa kitu kidogo.

"Hii ni mara ya kwanza kutangazwa! Mwenye kujua sababu ya kuzuia ndoa hii... aseme!"

Halafu ikabidi ninyamaze, kwa sababu utaratibu unasema hapo unangoja.

Na watu wote, wote kabisa, wakabaki wananitazama mimi. Walikuwa na haki. Kama kuna mtu mwenye pingamizi katika ule mji, alikuwa amesimama roshani na betri mbili mpya mkononi. Niliona hata mtu anamsukuma mwenzake kwa kiwiko. Hakikuwa kimya kizuri. Kilikuwa kimya cha kiti cha daktari wa meno. Kicheko kilinipanda, kile cha woga, kikafika mpaka hapa kooni, nikakimeza kama kidonge bila maji.

Sikusema kitu.

Chini, Katibu alimaliza kusoma, akafunga kitabu, akainua macho akaona visogo vya washirika wote. Akatoa kifaa mfukoni akakichomeka sikioni.

"Kuna nini huko?" akauliza.

*

Ofisini waligombana nusu saa. Mzee mmoja anasema aliyetangaza si katibu. Mwingine anasema aliyetangaza ndiye mhalifu mwenyewe. Wa tatu anasema roshani si madhabahu. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, hakuna aliyenikaribisha wala kunifukuza.

"Kitabu kinasema nani asome?" Shangazi akauliza.

Wakafunua. Hakisemi.

"Kinasema lisikike. Nimesikia." Akavuta kalamu. "Sauti mbaya, kama mbuzi aliyefungwa kwenye gari, lakini nimesikia. Naandika." Akaandika. Kisha akanigeukia mimi. "Wewe. Kabla ya Jumapili ijayo nataka kila waya iwe na karatasi, imeandikwa inatoka wapi na inaenda wapi. Kwa herufi kubwa."

"Ndiyo, Shangazi."

"Na harusini usije."

"Sikualikwa."

"Ndiyo maana nakukumbusha mapema."

Nje, Nesi alikuwa ananingoja. Alikuwa peke yake; Fundi Bomba alikuwa kwenye bomba la bustani ya kanisa, anatikisa kichwa.

"Betri?" akauliza.

"Betri."

"Ziliisha zenyewe?"

Nyusi ikataka kupanda. "Niliziweka mimi. Ijumaa, kwa kupima." Nikapumua. "Nisamehe. Kwa hilo, na kwa mama. Mama hasa."

Aliniangalia usoni muda mrefu, anatafuta kicheko kilipojificha. Hakukiona. Hakutabasamu pia.

"Nilishakwambia," akasema.

"Najua. Ila leo nimeomba."

"Haya," akasema, akaenda zake kwenye bomba la bustani. Hapakuwa na zaidi ya hapo. Wala asingenipa zaidi, na nikaona hata mimi nisingejua pa kukiweka hicho cha zaidi.

Jumapili mbili zilizofuata Katibu alisoma na betri mpya, na Shangazi alisikia, akaandika. Waya arubaini na tatu nilizibandika karatasi zote. Ilinichukua siku tatu na rola mbili za utepe. Siku ya harusi mwimbaji mmoja wa kwaya ndiye aliyekaa kwenye mikseri. Nimeambiwa spika zilitoa sauti vizuri tu, hakuna mpira. Nilichukia kidogo. Mimi nilikuwa karakana natengeneza redio ambayo mwenyewe alishanunua nyingine.

Jumatatu asubuhi niliamka kumekucha. Nikaenda kwenye sinki, nikatia dawa kwenye mswaki, nikabaki nimeushika. Bomba halidondoki. Kimya kabisa. Nikakumbuka kwamba hii ni asubuhi ya pili tangu harusi, na kwamba hakuna mtu popote duniani aliyenitaja kabla ya mswaki wake.

Nikauweka mswaki chini.

Nikamtaja yeye kwanza, mara moja, nikasema yale yale aliyoyasema juu yangu: mchukue wewe. Hilo lilitoka kwa shida, lakini lilitoka. Halafu nikamtaja mama yake. Halafu nikafika kwa lile jitu, ambalo muda ule lilikuwa limekaa dirishani kwenye ndege, magoti yamebana, mkono wa mke wangu wa ndotoni umewekwa juu yake. Nikakwama. Nikajaribu tena, nikakwama pale pale. Mwishowe nikataja jina lake tu, la ubatizo na la baba yake, kama lilivyo kitabuni, nikamwachia Mwenyewe ajaze.

Na kabla sijafumbua macho nikaongeza la jino. Dogo tu, Bwana, la nyuma huko. Lisilohitaji kung'olewa.